Bei ya Mwezi wa Nne

Wewe dereva uliye kwenye foleni ya mpakani Kasumbalesa, uliyefungulia redio ili usingizi usikuchukue, mazungumzo haya ni yako pia.

Leo tuzungumze habari ya safari. Safari ndefu ya kutoka hapa Lubumbashi, kupita Zambia, mpaka Dar es Salaam na Unguja, tena katika miezi ambayo watu wenye akili zao hukaa nyumbani. Nilitoka mwezi wa tatu, nikarudi mwezi wa tano. Ndugu na majirani waliniuliza swali lile lile: "Na hii mvua?" Ni swali zuri, na jibu lake ndilo mazungumzo ya leo.

Nitoe jibu mapema, ili mama mwenye bukari jikoni asiniunguzie chakula kwa kunisubiri. Safari ya wakati wa mvua ina bei ndogo, hilo ni kweli. Chumba kinashuka, mwenye teksi anapatana, mwenye mashua anakuita yeye. Lakini kile ulichopunguziwa kwa dola, utakilipa kwa siku. Siku ya kungoja barabara, siku ya kungoja boti, siku ya kungoja mzigo. Kwa hiyo kabla hujauliza nauli ni kiasi gani, jiulize una siku ngapi za kupoteza bila kulia. Mengine yote nitakayosema yanatoka hapo.

Hesabu hii wazee wetu waliijua zamani. Wale wachimbaji na wayeyushaji wa shaba wa Katanga, waliokuja kuitwa "walaji wa shaba", hawakuchimba mwaka mzima. Walimaliza kwanza kuvuna mtama, kama mwezi wa tano hivi, ndipo wakaenda machimboni kuchimba yale mawe ya kijani. Mvua ya kwanza ikiwakuta, kazi imekwisha, wanarudi mashambani. Pwani nako hali ilikuwa hiyo hiyo: majahazi yalishuka kutoka Uarabuni na Bara Hindi kwa upepo wa kaskazi, yakarudi kwa upepo wa kusi unaoanza kuvuma kama mwezi wa nne. Katikati ya machimbo na pwani alikuwako Msiri, mfanyabiashara aliyetoka Unyamwezi akaweka ufalme wake Bunkeya, mpaka alipouawa Desemba 1891. Alipeleka shaba na pembe za ndovu, na watumwa pia, kuelekea pwani zote mbili, ya mashariki na ya magharibi. Msafara wake ukichelewa msimu, ungekaa njiani miezi, na wapagazi wanakula kila siku. Huko kungoja kulikuwa gharama, na mwenye msafara aliihesabu kabla hajafunga mzigo wa kwanza. Sisi wa leo tumepata basi na ndege, tukadhani msimu umekufa. Haujafa.

Sasa tuingie kwenye kalenda, maana hapo ndipo wengi hupotea. Mtu wa Lubumbashi anajua mvua yake: inaanza kama mwezi wa kumi au wa kumi na moja, inakwisha mwezi wa nne, halafu hakuna tone mpaka mwaka uzunguke tena. Basi anasema, "Nitaondoka mwezi wa nne, mvua ikiwa inakwisha." Inakwisha wapi, papa? Inakwisha hapa. Dar es Salaam na Unguja mvua yao kubwa, ile wanayoiita masika, inaanza mwezi wa tatu na kufikia kilele mwezi wa nne. Ukiondoka hapa mwezi huo, mvua yetu inakuaga mlangoni na ya wenyeji inakupokea kituoni. Utakuwa umeivaa misimu miwili katika mwaka mmoja. Kwa hiyo soma majira ya unakokwenda, na majira ya kila mahali utakapopita. Ya nyumbani kwako unayajua tayari.

Tena tazama shule zetu. Watoto wanafunga mwanzoni mwa mwezi wa saba, wanarudi mwezi wa tisa. Familia ya Lubumbashi inayotaka kuona bahari inakwenda lini? Mwezi wa saba na wa nane. Ndiyo miezi ambayo Wazungu nao wako likizo, anga ya Unguja ni kavu, na chumba cha Nungwi au Paje kinauzwa bei ya juu. Wenye hoteli hawatuonei. Wanajua tu kwamba katika miezi hiyo mteja yupo, apende asipende. Mwezi wa nne na wa tano mteja hayupo, kwa hiyo baadhi ya hoteli hufunga na kupaka rangi kuta zake, nyingine hubaki wazi na kukubali bei ambayo mwezi wa nane ungeitaja wangekucheka.

Haya, tushike barabara. Kutoka hapa mpaka Kasumbalesa ni kama kilomita 90. Ukivuka, magari yanahamia upande wa kushoto, na wewe unayeendesha mwenyewe badilisha kichwa chako kabla ya kubadilisha gia. Kisha Chingola, Kitwe, Ndola, mpaka Kapiri Mposhi, ambapo reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, inaanza safari yake ya kilomita 1,860 kwenda Dar es Salaam. Reli na barabara zinafuatana mpaka Mpika, kisha zinaachana na kukutana tena Nakonde na Tunduma.

Wakati wa kiangazi njia hii ni ndefu tu. Wakati wa mvua ni ndefu na haina uhakika. Lami iliyochoka inafunguka mashimo, maji yanayaficha, lori moja linateleza na kulala kwa upana wa barabara, na nyuma yake foleni inaota kama uyoga. Tulilala kwenye foleni ya namna hiyo upande wa Zambia, usiku wa mvua, abiria wengine wakimlaumu dereva wetu kana kwamba ni yeye aliyelilaza lile lori. Pembeni yangu alikuwapo mama mmoja mfanyabiashara, mzoefu wa njia hii. Akafungua chombo chake cha sombe na samaki mkavu, akatugawia, akasema: "Mimi leo nimeiandika kwenye daftari tangu nyumbani." Alikuwa na maana kwamba katika mpango wake wa safari aliweka siku tupu, zisizo na kazi wala miadi, zikingoja balaa. Balaa lilipokuja lilikuta nafasi yake imeshatengwa. Yule mama alifika Dar akiwa ndani ya ratiba yake. Sisi wengine tulifika tukiwa tumechelewa, na basi lilikuwa moja.

Basi hilo ni somo la kwanza la vitendo: usifunge miadi ya siku utakayofika, wala ya kesho yake. Ukinunua tikiti ya ndege au ya boti ya kuunganisha, acha pengo la siku mbili au tatu. Begi la mkononi liwe na chakula, maji, dawa zako, kizibao na tochi. Kizibao, ndiyo. Watu husikia Tanzania wakafikiri joto la bahari, wanasahau kwamba Mbeya iko juu kuliko Lubumbashi, na mvua ya pale ni baridi ya kweli. Pia ukivuka Tunduma sogeza saa yako mbele kwa saa moja, maana Zambia na sisi saa zetu ni sawa, Tanzania wametutangulia. Anayesahau huikuta benki imefunga na basi limeondoka.

Baada ya Iringa utateremka mlima Kitonga. Kona zake ni kali, upande mmoja mwamba, upande mwingine bonde, na malori yaliyobeba shaba yetu yanashuka polepole mbele yenu. Mvua ikinyesha, tafadhali msimwambie dereva aongeze mwendo. Chagua basi litakalopita hapo mchana, hata kama la usiku lina nauli ndogo. Ukishapita Mikumi, ambako barabara kuu inakatiza katikati ya hifadhi ya wanyama na unaweza kumwona twiga ukiwa umekaa kwenye kiti chako, utafika Morogoro. Hapo kuna jambo jipya: tangu mwezi wa sita 2024 kuna treni ya umeme kati ya Morogoro na Dar es Salaam, inayotumia kama saa mbili. Wakati wa mvua, foleni za kuingia Dar zinaweza kula saa hizo mara mbili. Kwa mtu aliyechoka na basi, kushuka Morogoro ni pesa iliyotumika vizuri.

Dar es Salaam yenyewe nitaisema kwa ufupi, kwa sababu wengi mnaijua. Mnakwenda sokoni Kariakoo, mnarudi na marobota. Lakini wangapi wameijua mwezi wa nne? Mto Msimbazi unapofurika, maji hupanda barabara pale Jangwani, mabasi ya mwendokasi husimama, na mji unagawanyika. Ukilala Magomeni na biashara yako iko Kariakoo, Jangwani iko katikati yenu. Kwa hiyo lala upande ule ule wenye kazi yako, hata kama chumba cha upande wa pili ni nafuu kidogo. Hiyo nafuu utaitoa kwa pikipiki itakayokuzungusha mji mzima.

Na wafanyabiashara, sikilizeni hapa. Mwanzoni mwa mwaka viwanda vya China hufunga kwa sikukuu ya mwaka wao mpya, mwezi wa kwanza au wa pili. Bidhaa zinakaa baharini wiki kadhaa. Ina maana kwamba ukifika Dar mwezi wa tatu unaweza kukuta rangi na vipimo vimepungua dukani, muuzaji akijaribu kumaliza yaliyobaki. Kwa anayetafuta mtindo mpya ni hasara. Kwa anayetafuta bei ni nafasi nzuri, mradi akague mali kipande kwa kipande. Ukishanunua, mzigo wako utarudi kwa njia ile ile uliyoiona ikivuja maji. Funga kila robota kwa nailoni kabla ya gunia, kagua turubai la lori kwa macho yako, na omba maboksi ya karatasi yasiwekwe chini kabisa.

Jambo la pesa. Sisi hapa tumezoea dola. Tunanunua simu kwa dola, tunalipa nyumba kwa dola, noti ikiwa na mchaniko mdogo pembeni tunaikataa kama tumeona nyoka. Tanzania, tangu mwezi wa tatu 2025, kanuni zinakataza kutoza na kulipa bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni. Mtu atakayekwambia lipa dola dukani anakutia matatani na kujitia mwenyewe. Badilisha benki au kwenye duka la fedha lenye kibali, chukua stakabadhi, na usibadilishe zote siku moja, kwa sababu ukichelewa kuondoka, na wakati wa mvua utachelewa, utahitaji akiba ambayo hujaigusa.

Makaratasi. Tangu nchi yetu ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, nasikia watu wakisema mipaka imefunguka, twende tu. Polepole. Waulize watu wa ubalozi mdogo kabla hujafunga begi, na uulize habari za Zambia na Tanzania kila moja peke yake. Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano lazima iwe ndani ya pasipoti. Chanjo hiyo huanza kuhesabiwa baada ya siku 10, kwa hiyo kuchanjwa asubuhi ya safari hakukusaidii mpakani. Lakini ukishachanjwa, siku hizi kadi ni ya maisha. Afya nayo ina msimu wake. Mwanzoni mwa 2024 Zambia ilipigwa na kipindupindu hata shule zikachelewa kufunguliwa, na ugonjwa huo hupenda mvua. Maji ya chupa au yaliyochemshwa, chakula cha moto, sabuni mfukoni, chandarua kitandani. Hayo hayana ujanja.

Sasa Unguja. Boti ya kutoka Dar inakwenda kama saa mbili, bahari ikikubali. Mwezi wa tano 2024 kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani ya Tanzania, boti zilisimamishwa, na mwenye ndege ya kesho yake alibaki akiitazama bahari. Ndiyo maana nasema ukienda kisiwani, rudi bara mapema kuliko unavyopenda. Angalia pia mwezi wa Ramadhani, ambao kila mwaka unarudi nyuma kama siku 11 na miaka hii umeangukia Februari na Machi. Mchana mikahawa mingi inafungwa, na kula au kunywa hadharani ni kuwavunjia wenyeji heshima. Jioni, ukialikwa kufuturu, usikatae.

Na hapa nifike kwenye upande wa faida, kwa sababu nimewatisha vya kutosha. Wakati wa watalii wengi, mwenyeji hana muda wa kukutazama. Yuko kazini, nyuma yako kuna wageni wengine. Wakati wa mvua anao muda. Fundi wa mashua kule Nungwi alinikalisha chini ya banda, mvua ikipiga makuti, akanieleza kwa nini ubao huu haufai kwenda maji ya chumvi na ule unafaa. Sikulipa kitu zaidi ya kahawa. Mwezi wa nane fundi huyo angekuwa anapigwa picha. Nilimwamkia shikamoo kwa sababu ni mtu mzima, na hilo lilifungua mlango kuliko pesa. Vijana wetu, huko pwani msimrukie mtu kwa "bei gani?" Msalimie kwanza, muulize habari za nyumbani, bei itakuja yenyewe na itakuja ndogo.

Kuna pia vitu ambavyo kiangazi hakiwezi kukuonyesha. Juu ya Mbeya iko hifadhi ya Kitulo, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005 kwa ajili ya maua. Wenyeji huiita Bustani ya Mungu. Maua hayo, pamoja na okidi za namna nyingi, hufunguka wakati wa mvua, tangu mwisho wa mwaka mpaka kama mwezi wa nne. Njoo mwezi wa nane, utakuta majani makavu na baridi. Zambia nako, anayepita mvua ikiwa imekolea hukuta kando ya barabara kina mama wakiuza bowa, uyoga, mwingine mpana kiasi cha kumfunika mtoto kama mwavuli. Na maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, yale ya Livingstone: mwezi wa nne maji ni mengi hata moshi wake unakuficha usione kitu, mwezi wa kumi upande wa Zambia unabaki mwamba mtupu kwa sehemu kubwa. Hapa kwetu mnajua Lofoi, ndani ya hifadhi ya Kundelungu, maji yanayoanguka zaidi ya mita 300. Kiangazi njia inapitika na maji ni uzi mwembamba. Mvua ikinyesha maji yananguruma na njia imekatika. Hakuna mwezi unaotoa vyote. Mwenye kuchagua mwezi anachagua atakachokiona na atakachokikosa, na ni afadhali achague akijua.

Kwa hiyo nani aende wakati wa mvua? Mzee aliyestaafu na mwenye afya, aende. Mfanyabiashara mwenye msaidizi wa kumwachia duka, aende. Kijana asiye na mtoto wa shule, aende, na ajifunze kungoja. Mfanyakazi aliyepewa likizo ya wiki mbili na mwajiri asiyesamehe siku ya 15, huyo asidanganywe na bei ya chumba. Mama mwenye mtoto mchanga pia, aache barabara ya Mpika mpaka ikauke.

Na atakayekwenda, kabla ya kununua tikiti, achukue karatasi aipige mstari katikati. Upande mmoja aandike pesa: nauli, chumba, chakula, na robo nzima juu yake ya dharura. Upande wa pili aandike siku: za barabara, za kazi, na zile siku tupu za yule mama wa sombe. Upande wowote usiotosha, safari haijaiva. Watu wetu wengi hujaza upande wa pesa peke yake, kisha wanakopa siku kwa mwajiri, kwa mke, kwa wateja, na deni la siku ni gumu kulilipa kuliko deni la dola.

Kama una pesa na huna siku, nenda mwezi wa nane ulipe wanachotaka. Kama una siku na pesa ni kidogo, nenda mwezi wa nne. Kama huna hiki wala kile, kaa hapa tule michopo, uweke akiba; Dar es Salaam haihami.

Mimi naishia hapo. Mwenye swali kuhusu njia hii atupigie kipindi kijacho, nitamjibu. Lala salama, Lubumbashi, na wewe wa Kasumbalesa, foleni imesogea, washa gari.